Fungua Faili Kabla ya Kufungua Mlango

Leo kaeni vizuri, tuna mazungumzo marefu. Swali lililonifikia limetoka pande mbili. Dada mmoja wa Gatina, Kawangware, anataka kuuza ploti waliyoachiwa na baba yao: vyumba vya kupangisha vilivyozunguka ua, bomba moja katikati, na maduka mawili, la kinyozi na la muuza simu, yanayotazama barabara. Ajenti amemwambia wachague Jumamosi moja, waweke bango njiani na picha Facebook, mlango ubaki wazi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na kila apitaye aingie aone. Kaka wa Lindi, Kibera, naye ana vyumba vya mabati anavyotaka kuviuza arudi nyumbani kulima, na rafiki yake amempa ushauri huo huo. Wote wawili wanauliza kama siku ya namna hiyo inasaidia nyumba kununuliwa.

Kwa nyumba kama zenu, haisaidii. Nasema waziwazi kwa sababu najua mtu mwenye shida ya pesa akiambiwa watu watajaa uani kwake, moyo unamtulia. Na watu watajaa kweli. Lakini kujaa kwa watu ni jambo moja na kununuliwa kwa nyumba ni jingine, na katika mitaa yetu la kwanza linaweza hata kulizuia la pili.

Desturi hii tumeizoea kwa kuiona kwenye filamu na televisheni kutoka Marekani. Huko ajenti huweka kibao mbele ya nyumba Jumapili alasiri, wenye nyumba hutoka na watoto wao, na wapitao huingia wakatazama jiko, bafu na bustani. Nyumba huwa haina mtu ndani, umiliki wake kwa kawaida hauna ubishi, na mara nyingi mnunuzi anakuja benki ikiwa imeshamwambia itamkopesha kiasi gani. Hata hivyo baadhi ya maajenti wa huko wenyewe hukiri kwamba sehemu kubwa ya faida ya siku hiyo huwaendea wao, kwa kuwa wanakutana na majirani na kukusanya namba za simu za watu watakaouza au kununua nyumba nyingine baadaye. Shika hilo, mdogo wangu wa Gatina. Ajenti wako akikazana na Jumamosi yake, muulize daftari la majina ya wageni litabaki kwa nani.

Sisemi jambo hili halina mahali pake Nairobi. Mwenye ghorofa jipya upande wa kuelekea Lavington, lenye nyumba nyingi zinazofanana, tupu, zinazonuka rangi, ana sababu ya kuwaita watu wengi siku moja. Kampuni za kuuza mashamba nazo hubeba watu kwa basi bila nauli kutoka katikati ya mji hadi Kitengela au Joska, kwa sababu zina ploti nyingi za bei moja, na mtu akimwona mwenzake anatoa amana naye mkono unaingia mfukoni. Wewe una ploti moja na unamhitaji mnunuzi mmoja. Tena ploti yako ina watu ndani.

Niliwahi kusimama kwenye ua wa ploti moja upande wa Congo, hapo Kawangware, siku kama hiyo, na ningependa nanyi muuone ua ule. Keteka, yaani mwangalizi wa ploti, ana shada la funguo mkononi, anabisha mlango baada ya mlango. Kila chumba kina mtu, maana Jumamosi ndiyo siku ya kufua. Mama mmoja ametoa kichwa nyuma ya pazia linalotenga kitanda na jiko, mtoto yuko mgongoni, na wanaume asiowajua wamesimama mlangoni wakitazama dari, televisheni na miguu ya kitanda chake. Hakuna aliyemwambia ploti inauzwa. Amelijua kutoka kwa wageni hao. Watoto wanalifuata kundi wakicheka, nguo mbichi zinawapiga watu usoni, na ajenti anahubiri kwa sauti jinsi mtaa unavyokua. Katika kundi lile zima nilimwona mwanamke mmoja tu aliyekuwa kimya. Alikwenda moja kwa moja bombani, akalifungua, likatoa hewa. Akamuuliza dada aliyekuwa akifua maji hufika siku gani, mtungi unauzwaje siku yasipofika, na kama kila mpangaji ananunua tokeni zake za stima au wote wanachangia mita moja. Akaenda kuchungulia choo, akahesabu milango ya vyumba kwa kidole, akatoka nje bila kumsemesha ajenti.

Yule ndiye aliyekuwa mnunuzi, na aliondoka. Mtu mwenye pesa za kununua ploti Kawangware hawezi kuketi azungumze bei mbele ya umati. Hataki majirani wajue ana pesa, hataki mshindani amsikie akitaja kiasi, na hataki mwenye nyumba afikirie amependa sana.

Kilichofuata katika ploti ile ndicho ninachowaogopea ninyi. Jumapili wapangaji wote walikuwa na swali moja: tutafukuzwa lini? Mwezi ulipoisha baadhi wakazuia kodi, wakasema watamlipa mwenye ploti mpya. Wengine wakatafuta vyumba Kangemi wakahama. Na ploti ya kupangisha hununuliwa kwa kodi inayoingia, mdogo wangu. Mnunuzi huhesabu vyumba vyenye watu, akapiga hesabu ya miezi na miaka, ndipo akataja bei. Ukimkaribisha mnunuzi wa kweli baada ya wapangaji kutawanyika, utakuwa unamwonyesha vyumba vitupu na kufuli, na bei itaporomoka mbele ya macho yako.

Halafu kuna heshima. Chumba cha futi kumi kwa kumi ndiyo nyumba nzima ya mtu. Humo analala, anapika, anabadilisha nguo, anamnyonyesha mtoto. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na aliyelipa kodi ya mwezi haipotezi haki hiyo kwa sababu mwenye ploti ana haraka ya kuuza. Ukitaka mnunuzi aone ndani, zungumza na wapangaji mapema, omba ruhusa ya vyumba viwili au vitatu, tena kwa saa wanazopenda wao. Wengi watakubali wakiambiwa ukweli. Kitu kinachowaudhi watu ni kufichwa.

Kuna hatari nyingine, nayo inanikosesha raha zaidi. Tembea Nairobi utazame kuta na malango yaliyoandikwa kwa rangi kubwa kwamba nyumba hii haiuzwi, ploti hii haiuzwi. Wenyewe waliandika hivyo kwa sababu kuna matapeli wanaouza mali isiyo yao. Hupiga picha, hughushi hati, humtembeza mtu uani kama wenyeji, hupokea amana kisha huzima simu. Siku ya mlango wazi unamkabidhi tapeli kila kitu anachohitaji: picha za ndani, mpangilio wa vyumba, jina la keteka, na kama ajenti wako ni mzembe, nakala ya hati iliyolazwa mezani ili watu waamini. Baada ya wiki ploti yako inatangazwa na mtu usiyemjua, na watu wanatozwa ada ya kwenda kuiona. Siongezi hata habari ya mwizi aliyekuja kuangalia dirisha lipi halina vyuma.

Najua mtaniuliza, sasa mnunuzi atajuaje? Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wauzaji wengine huichukua methali hiyo wakakaa kimya miaka wakingoja. Hapana, sema unauza. Lakini waambie watu wanaostahili kuambiwa. Wanunuzi wa Kawangware ninaowaona ni mwenye ploti jirani anayetaka kuunganisha apate nafasi ya ghorofa, mfanyabiashara wa mtaa huo huo, chama cha kina mama kilichoweka akiba miaka mingi, au mtu anayefanya kazi ng'ambo akamtuma dada yake. Kibera mnunuzi mara nyingi ni mwenye vyumba vingine katika kijiji hicho hicho, anayewajua wazee, wapangaji na mifereji yote. Watu hawa hawasomi mabango. Husikia kwa fundi anayerekebisha paa, kwa muuza mbao na mabati, kwa mweka hazina wa chama, kanisani, au msikitini kule Makina. Nenda kwa watu watano wa namna hiyo unaowaamini, waambie kwa utulivu, waombe wakuletee mtu mmoja mmoja. Chama kikija hakika kitakuja na wanachama wengi, na ua utajaa. Wakaribishe, wape viti. Hao wametumana, wana mwenyekiti, na wakirudi nyumbani watapiga kura.

Sasa tuje kwenye kinachouza nyumba, nacho ni faili. Hapa Kawangware na Kibera zinaachana, kwa hiyo nianze na dada wa Gatina.

Kawangware ni ardhi ya watu binafsi yenye hati. Ploti nyingi zimesajiliwa kama Dagoretti/Riruta, kisha nambari. Yalikuwa mashamba ya familia, yakagawanywa, yakagawanywa tena, na si ajabu kukuta vyumba vimejengwa na mjukuu ilhali hati bado ina jina la babu. Kwa hiyo fanya sachi, yaani upekuzi wa rekodi za ardhi, wewe mwenyewe kabla mnunuzi hajafanya. Siku hizi kwa Nairobi unafanya kwa mtandao wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021, na wakili atakusaidia ukikwama. Sachi itakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa, kama kuna deni la benki juu ya hati, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Heri uyajue hayo ukiwa peke yako mezani kuliko kuyasikia kutoka kwa wakili wa mnunuzi.

Wewe umesema ploti ni ya marehemu baba. Mdogo wangu, hapa nakuomba usome polepole. Sheria ya Urithi hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Safari hiyo huanza na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, kesi inafunguliwa, tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze, msimamizi anateuliwa, na kwa kawaida hupita miezi sita kabla hati haijathibitishwa na kila mrithi kuonyeshwa fungu lake. Anayeuza kabla ya hapo anaingilia mali ya marehemu, na sheria inaliita kosa la jinai. Mnunuzi naye anaweza kupoteza kila kitu. Ndiyo maana wakili mzuri akisikia neno marehemu huuliza jambo hilo kabla hajauliza bei.

Na warithi wote maana yake wote. Dada zako walioolewa Kakamega au Murang'a wamo. Sheria hiyo imekuwa ikitumika tangu mwaka 1981 na haimbagui mtoto wa kike, aliyeolewa wala asiyeolewa, na Katiba ikaongeza nguvu. Nimeona kaka wakikaa mezani na mnunuzi, chai imemiminwa, halafu dada aliyeachwa nje ya orodha anaingia na wakili wake. Mauzo yanasimama siku hiyo hiyo. Waite wote mapema, hata yule msiyeongea naye. Mkishakubaliana, andikeni na mtie sahihi. Mnunuzi akiona familia nzima imetia sahihi, anapumua.

Kama ingekuwa nyumba unayoishi na mume wako, ningekukumbusha kwamba Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa. Wanaume wanaosoma hapa, nanyi mmesikia.

Mlete pia mpima ardhi aliyeidhinishwa aonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka. Katika ploti za zamani ukuta wa choo hukutwa umeingia kwa jirani hatua mbili, au vibanda vya mbele vimekaa juu ya barabara. Tatizo hilo likijulikana mapema huwa ni mazungumzo na jirani. Likijulikana baada ya amana huwa kesi. Lipa madeni ya ardhi kwa Kaunti ya Nairobi upate cheti, maana cheti hicho kwa kawaida huombwa wakati wa uhamisho.

Halafu kodi za wapangaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa ploti ya kupangisha neno hilo ni kweli tupu. Weka daftari la mwaka mzima: chumba namba ngapi, nani yumo, analipa kiasi gani, alilipa lini, nani ana deni, nani aliweka dhamana. Ambatanisha taarifa za M-Pesa au za benki. Kama umekuwa ukilipa kodi ya mapato ya nyumba kwa KRA, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi unayopokea, weka na risiti hizo. Mnunuzi akifungua daftari la namna hiyo hahitaji kusukumwa.

Maduka yako mawili yanataka neno la peke yake. Sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, inamlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Hafukuzwi kwa sababu ploti imeuzwa. Lazima apewe notisi ya fomu maalumu ya angalau miezi miwili, na akipinga jambo linakwenda kwenye mahakama maalumu ya kodi za majengo ya biashara. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka kubomoa ajenge ghorofa lazima ajue tangu mwanzo kwamba kinyozi na muuza simu wako ni sehemu ya anachonunua. Mwambie wewe. Akija kuambiwa na kinyozi, ataanza kujiuliza umemficha nini kingine.

Na kodi ya serikali msiisahau mnapotaja bei. Mnunuzi atalipa ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mjini. Muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida aliyopata, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 5 kuanzia Januari 2023. Aliyeishi mwenyewe katika nyumba yake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza anasamehewa, lakini ploti ya kupangisha haina msamaha huo. Ukigawa pesa kwa warithi kabla ya kutenga fungu hilo, utalitafuta kwa kaka na dada mmoja mmoja, na hutalipata.

Kaka wa Lindi, sasa zamu yako, na kwako nina neno zito zaidi.

Wewe huuzi ardhi. Lazima uliseme hilo kwa kinywa chako na uliandike kwenye karatasi. Ardhi ya Kibera ni ya umma kwa sehemu kubwa. Ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, ikatengwa kuwa eneo la jeshi mwaka 1918, na vijiji vikakua juu yake bila hati kutolewa kwa wakazi. Juni 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hati ya ekari 288, lakini hati hiyo ni ya jamii nzima, haikugawa ploti kwa mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo ukienda kufanya sachi hutalikuta jina lako. Unachouza ni mabati, mbao, kuta, stima kama ipo, na nafasi ya kuendelea kupokea kodi kwa muda ambao nyumba itasimama. Kina thamani, na kinauzwa kila siku. Ila aliyeambiwa ananunua ploti, akagundua amenunua mabati, ana haki ya kukulaani.

Mnunuzi wa Kibera mwenye akili huuliza jambo moja kabla ya yote: je, hapa patabomolewa? Usimkasirikie. Julai 2018 matingatinga yaliingia kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakapoteza makazi, shule na makanisa yakaenda. Reli inapita katikati ya Kibera na ina eneo lake la hifadhi. Kule Soweto Mashariki watu walihamishiwa nyumba za muda Lang'ata mwaka 2009 ili mradi wa serikali ujengwe, na nyumba 822 zikakamilika mwaka 2016. Mvua za 2024 zilipoleta mafuriko, serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 za mito wahame. Lindi yenu inateremka kuelekea mtoni, unajua mwenyewe. Kwa hiyo pima hatua kutoka nyumba yako hadi mtoni, hadi relini, hadi chini ya nyaya kubwa za umeme, na umwonyeshe mnunuzi. Kama ukuta wako uliwahi kupigwa alama nyekundu ya X, au nyumba iliwahi kuhesabiwa na kuwekwa nambari, toa karatasi yoyote uliyopewa. Usipake rangi kufunika alama. Jirani atamwambia.

Maandishi yafanyeni mbele ya mzee wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili, pamoja na majirani wa kushoto na kulia ili mpaka usije ukagombaniwa. Andikeni idadi ya vyumba, vimejengwa kwa nini, choo kinatumiwa na nani, njia ya maji ni ya nani, na sentensi iliyo wazi kwamba kinachouzwa ni jengo bila ardhi. Nakala za vitambulisho zikae pamoja na karatasi. Pesa zipite benki au simu, zisihesabiwe gizani. Wapangaji waitwe siku hiyo hiyo wajulishwe nani atakusanya kodi kuanzia mwezi ujao, na dhamana zao ziko kwa nani. Mlango wazi wa Jumamosi haungekupa hata moja ya mambo haya. Ungekuletea vijana wa kutaka "chai" na maneno ya kijijini kwamba unakimbia kwa sababu umesikia kuna ubomoaji. Na uvumi wa ubomoaji ukishaanza Kibera, hakuna bei itakayosimama.

Mniruhusu sasa niseme jinsi ya kuonyesha nyumba, maana mnunuzi lazima aone. Mwite mmoja kwa siku. Mpe saa unayoiogopa. Kama mtaa una kelele usiku, aje saa mbili usiku asikie baa na kanisa. Kama ua hujaa maji, mpigie simu mvua ikinyesha. Mwache asimame peke yake bombani na uani bila wewe kumfuata nyuma, aongee na wapangaji, aulize anachotaka. Mtu aliyeiona nyumba katika hali yake mbaya na bado akarudi, huyo hatakukimbia baada ya kulipa amana. Kabla hajaja fanya usafi wa kawaida tu: choo kioshwe, taa ya uani iwake, mabati yaliyotoboka yazibwe, mfereji uzibuliwe. Rangi mpya juu ya ukuta wenye unyevu humfanya mnunuzi aguse ukuta mara mbili.

Bei usiitaje kwa umati wala usiibandike mtandaoni. Ifikirie kutokana na kodi ya mwaka na bei ambazo majirani wameuzia, kisha umwambie aliyeketi mbele yako. Ajenti ukimtaka, mtake aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Maajenti wa Nyumba, muandikiane malipo yake ni asilimia ngapi na yatatoka kwa nani, tena alipwe mauzo yakikamilika. Amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, ikae kwa wakili mpaka uhamisho ukamilike. Na mkataba wa kuuza ardhi Kenya lazima uwe wa maandishi, uwe na sahihi za pande zote na shahidi. Kupeana mikono juu ya chai hakutoshi mahakamani.

Basi, dada wa Gatina, mpigie ajenti simu leo umwambie Jumamosi hiyo haipo, bango lisiwekwe na picha zitolewe. Kisha waite ndugu zako wote, mwende kwa chifu mkaombe barua ya warithi. Miezi itapita, najua, na shida haingoji. Lakini ukiuza kabla ya mahakama kuthibitisha, utakuwa umeuza kesi. Kaka wa Lindi, wewe unaweza kuanza wiki hii: andika orodha ya vyumba na wapangaji, zungumza na mzee wa kijiji, kisha mwendee kwanza jirani mwenye vyumba vinavyopakana na vyako. Kibera mnunuzi mara nyingi yuko upande wa pili wa ukuta.